Safari Zinapopungua: Madereva wa Malori wa Ushoroba wa Kaskazini, 1976–2022

Historia ya usafirishaji katika Afrika Mashariki huandikwa zaidi kama historia ya reli. Tangu shule ya sekondari tunakaririshwa kwamba ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Kisumu mwaka 1901 na Kampala mwaka 1931. Dereva wa lori haonekani sana katika simulizi hiyo. Hata hivyo, miaka ya mwanzo ya 2010 reli ilikuwa ikibeba chini ya asilimia 10 ya shehena ya bandari ya Mombasa. Sehemu kubwa iliyobaki ilipita barabarani, na mafuta, ngano, mbolea, dawa na mitumba vilifika Kampala, Kigali, Bujumbura na Goma kwa mikono ya madereva. Upande wetu wa Uganda walituletea pia lugha: wengi wa watu wa Tororo, Malaba na Busia walisikia Kiswahili cha madereva kabla ya kukutana na cha darasani.

Insha hii inauliza swali moja: safari za malori zilipopungua, nani alibeba hasara? Ninaangalia vipindi vinne: uhasama wa mwaka 1976 na miaka iliyofuata, ghasia za Kenya za mwaka 2008, ujio wa reli ya kisasa, na janga la korona. Hoja yangu ni kwamba kupungua kwa safari hakukuwa kama kiangazi, ambacho hakuna wa kulaumiwa. Mara nyingi kulitokana na maamuzi ya serikali, na kwa kuwa dereva hulipwa kwa safari, hasara ya maamuzi hayo ilishukia nyumbani kwake.

Malipo ya dereva

Ili kuelewa historia hii, lazima kwanza tuelewe mapato ya dereva wa masafa marefu. Kwa kawaida huwa na mafungu mawili. La kwanza ni mshahara wa mwezi, ambao kwa wengi ni mdogo na kwa wengine haupo kabisa. La pili ni posho ya safari, ambayo madereva wengi huiita mileji. Posho hii hupangwa kulingana na njia: ya Mombasa hadi Malaba ina kiwango chake, ya Kampala chake, ya Kigali chake. Humo humo dereva hutoa chakula, maegesho ya usiku na mara nyingi fedha ya utingo. Anachobakiza ndicho kinacholipa kodi ya nyumba na karo.

Kutoka Mombasa hadi Kampala ni kama kilomita 1,170. Dereva aliyekwenda na kurudi mara nne kwa mwezi na yule aliyekwenda mara moja wote wamekuwa kazini mwezi mzima. Tofauti ni kwamba mmoja alikuwa akiendesha na mwingine akisubiri. Kusubiri hakuna bei, au kuna bei ndogo isiyotosha hata chakula. Mwenye lori naye hupata hasara, lakini anaweza kuliegesha, kuliuza au kulipeleka njia nyingine. Dereva hana cha kuegesha isipokuwa tumbo lake.

Kuna jambo la pili. Nchi zisizo na bandari huagiza bidhaa nyingi kuliko zinavyouza nje, kwa hiyo malori mengi hupanda yamejaa na kushuka yakiwa na kontena tupu. Safari ya kurudi yenye mzigo imekuwa bahati tangu zamani. Bidhaa za kupanda zikipungua, dereva hana upande wa pili wa kuegemea.

Uhasama wa mataifa, 1976–1987

Serikali ya kikoloni iliilinda reli kwa sheria za leseni zilizobana malori ya masafa marefu. Baada ya uhuru malori yaliongezeka, lakini yalikuta barabara zinazotegemea urafiki wa marais. Februari 1976 Idi Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ilikuwa mali ya Uganda. Wafanyakazi wa bandari ya Mombasa walijibu kwa kukataa kushughulikia shehena ya Uganda. Julai mwaka huo, baada ya makomandoo wa Israeli kuvamia uwanja wa ndege wa Entebbe, uhusiano uliharibika zaidi: Kenya ilidai Uganda ilipe huduma kwa fedha za Kenya, na mafuta yaliyokuwa yakipitia Kenya yakakatika kwa muda, hadi nchi hizo zilipopatana mwezi Agosti.

Shehena rasmi ilipobanwa, biashara haikufa. Ilihamia kwenye magendo. Baridi kali iliyoharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975 ilikuwa imepandisha bei ya kahawa duniani, na mkulima wa Uganda aliyelipwa na bodi ya serikali kwa shilingi isiyo na thamani aliona faida ng'ambo ya mpaka. Kahawa ilivuka kwa vichwa vya watu, kwa punda na kwa mitumbwi, na soko la Chepkube lililoko upande wa Kenya, karibu na Mlima Elgon, likapata sifa hadi leo. Mwenye gari upande wa Kenya alipata kazi huko. Dereva wa Uganda aliyekuwa akibeba kahawa hiyo hiyo kwa njia halali alipoteza yake.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya hadi mwaka 1983, na malori ya Kenya yaliyozoea kupita Tanzania kwenda Zambia yakakosa njia hiyo. Somo lilieleweka, kwani mwaka 1985 Burundi, Kenya, Rwanda na Uganda zilitia saini mkataba wa Ushoroba wa Kaskazini ili shehena ya kupita isizuiwe ovyo. Hata hivyo, Desemba 1987 majeshi ya Kenya na Uganda yalipambana Busia, na mpaka ukafungwa kwa siku kadhaa. Mkataba ulilinda shehena kwenye karatasi. Haukusema chochote kuhusu mapato ya mtu anayeilinda shehena hiyo mpakani usiku na mchana.

Barabara iliyokatika, 2008

Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 27, 2007, ghasia zilikata njia ya kuelekea magharibi. Reli iling'olewa Kibera, vizuizi vikawekwa barabarani Bonde la Ufa, na malori yakapita kwa misafara yenye ulinzi au hayakupita kabisa. Uhaba wa mafuta ulisikika Uganda, Rwanda na Burundi. Hali ilianza kutulia baada ya makubaliano ya Februari 28, 2008.

Mwaka huo unakumbukwa mijini kwa foleni za petroli. Kwa dereva ulikuwa na maana nyingine. Kabila lake, lililosomeka kwenye kitambulisho, liliamua ni kilomita ngapi angeweza kwenda. Kuna waliokatisha safari na kukaa katika vituo vya polisi pamoja na malori yao kwa majuma. Siku hizo zote hazikuwa safari, kwa hiyo hazikuwa na posho.

Reli ya kisasa

Kipindi cha tatu ni tofauti, maana hapa serikali hazikugombana. Zilipatana. Kenya ilijenga reli ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi kwa mkopo mkubwa wa China, na treni za abiria zikaanza mwaka 2017. Treni za mizigo zilianza biashara Januari 2018. Mkopo ulihitaji kulipwa, na ili ulipwe treni zilihitaji mzigo. Agosti 2019 mamlaka za bandari na mapato zilitangaza kwamba kontena zote za Nairobi na bara zipelekwe kwa reli. Tangazo lilisitishwa baada ya malalamiko, lakini Mombasa iliendelea na maandamano ya kila Jumatatu. Novemba 2020 Mahakama Kuu mjini Mombasa iliamua kwamba agizo hilo lilikiuka katiba, likiwamo suala la kutoushirikisha umma, ingawa iliahirisha utekelezaji wa hukumu kwa siku 180.

Kwa shehena ya Uganda na Rwanda mabadiliko yalikuja kwa njia ya Naivasha. Kuanzia Juni 2020 mzigo wa kupita ulitakiwa kwenda kwa treni hadi bandari kavu ya huko, na lori kuuchukulia hapo. Tuhesabu kilomita. Kutoka Naivasha hadi Kampala ni karibu nusu ya njia ya kutoka Mombasa. Kwa dereva anayelipwa kwa njia, nusu ya barabara ni nusu ya posho au pungufu. Mwenye nyumba Mombasa au Mariakani hakupunguza kodi kwa nusu.

Hasara haikuishia kwa madereva. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mariakani, Voi, Mtito Andei na Mlolongo ni miji iliyokua kwa wageni wa namna hii: mama lishe, mafundi wa magurudumu, wenye nyumba za kulala wageni, wauza mkaa. Lori lisiposimama, wote hao hupungukiwa. Septemba 13, 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto aliagiza huduma za bandari zirudishwe Mombasa. Kwa agizo moja kazi iliondoka, na kwa agizo jingine ikarudi.

Lazima nikiri kwamba upande wa pili una hoja nzito. Treni hupunguza ajali na huokoa barabara zinazoharibiwa na malori mazito. Aidha, hata maendeleo mema yanaweza kupunguza kazi. Baada ya Himaya Moja ya Forodha kuanza kutekelezwa mwaka 2014, Jumuiya ilitangaza kwamba safari ya mzigo kutoka Mombasa hadi Kampala ilishuka kutoka siku 18 hivi hadi siku 4. Dereva mwenye lori angeweza kwenda mara nyingi zaidi. Lakini mzigo ule ule sasa ulihitaji malori machache zaidi. Sipingi reli wala forodha ya haraka. Ninachohoji ni kwamba faida iligawanywa kwa waagizaji, serikali na wapangaji wa mikopo, na gharama ikaachiwa mtu ambaye hakuitwa kwenye kikao.

Korona na foleni ya Malaba

Mwaka 2020 malori yaliruhusiwa kuvuka mipaka iliyofungwa kwa watu wengine. Kwa maneno, dereva alikuwa mfanyakazi wa lazima. Kwa vitendo, alisubiri majibu ya vipimo katika foleni ya makumi ya kilomita kutoka Malaba, huku wenyeji wakimwogopa kama mleta ugonjwa. Rwanda ilitaka madereva wa kigeni wakabidhi magari kwa madereva wengine mpakani, na Mei 2020 madereva wa Tanzania waligoma Rusumo. Tayari tangu Februari 2019 mpaka wa Gatuna ulikuwa umefungwa kwa ugomvi wa Rwanda na Uganda. Ulifunguliwa Januari 31, 2022.

Mwezi huo huo wa Januari 2022 madereva waliokuwa upande wa Kenya walikataa kuingia Uganda wakipinga kulipia kipimo cha korona. Foleni ikarefuka, petroli ikapanda bei Uganda, na ada ikaondolewa. Katika vipindi vyote nilivyotaja, hapa ndipo dereva alipotumia kusubiri kwake kama silaha. Siku zile zile ambazo mwajiri hakuzilipa zilionyesha thamani yake nchi nzima ilipokaukiwa mafuta.

Namna walivyojikimu

Mbinu za kujikimu hazijabadilika sana tangu miaka ya 1970. Wengi hupikia kwenye lori badala ya hotelini. Wengine humwacha utingo nyumbani na kufanya kazi ya watu wawili, jambo linalohatarisha maisha usiku. Wapo wanaobeba abiria au kununua viazi, ndizi na mkaa bara na kuviuza wanaposhuka. Wapo wanaohamia Ushoroba wa Kati, kupitia Dar es Salaam, ambayo ndiyo njia kuu ya shehena ya Rwanda. Shamba la nyumbani, pikipiki ya bodaboda na duka la mke ni akiba ya siku za ukame.

Na wapo wanaouza dizeli ya tangi kando ya barabara. Huo ni wizi, na mwenye lori ana haki ya kulalamika. Lakini mwanahistoria akiona kosa lile lile likirudiwa na watu wengi kwa miongo mingi, hana budi kuuliza mfumo wa malipo ulitarajia nini kutoka kwa mtu asiyelipwa anaposubiri.

Hitimisho

Tumezoea kusema wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Historia ya Ushoroba wa Kaskazini inaonyesha kwamba nyasi ziliumia hata tembo walipopatana, kwa sababu makubaliano yalihusu mizigo tu. Mikataba ya Jumuiya ina viwango vya uzito wa ekseli, muda wa forodha na ada za barabara. Malipo ya siku ya kusubiri yangeweza kupimwa vile vile, kwani kila mizani na kila kituo cha mpaka huandika saa ambayo lori limeingia na kutoka.

Kwa sisi wanafunzi wa historia ipo kazi ya karibu zaidi. Madereva waliokuwa barabarani mwaka 1976 sasa ni wazee wa zaidi ya miaka 70. Wanakaa Tororo, Eldoret, Mariakani na Mbarara, na wengi hawajawahi kuulizwa chochote na chuo kikuu chochote. Kumbukumbu za reli zimehifadhiwa katika makavazi. Za kwao zimo vichwani, na muda wa kuziandika haurefuki.