Viumbe wa Udongo na Sumu Iliyofichika

Msomaji, yamkini umezoea kusoma historia ya wafalme na vita vyao. Hapa utasoma historia ya shamba dogo la Uingereza. Hakuna jeshi lililolipigania, lakini maangamizi yaliyotokea ndani yake yapasa kukumbukwa na kila mkulima.

Kwanza elewa kwamba udongo si kitu kifu. Ndani yake wamo nyungunyungu, kuvu na bakteria wasiohesabika, ambao huozesha majani na samadi ili mimea ipate chakula. Mwaka 1886 wataalamu wawili wa Ujerumani, Hellriegel na Wilfarth, walitangaza ya kuwa mimea ya jamii ya kunde huipata naitrojeni ya hewani kwa msaada wa bakteria wakaao katika vinundu vya mizizi. Ng'oa mharagwe wenye afya, ukipasue kinundu chake, nawe utaona wekundu ndani. Hiyo ndiyo dalili ya kuwa bakteria wamo kazini.

Sasa twende Woburn, kaskazini ya London. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, wataalamu walianzisha huko majaribio ya kukuza mboga katika udongo wa kichanga. Vipande vingine vya shamba vilitiwa samadi, na vingine vikatiwa tope lililotokana na maji machafu ya mjini. Tope hilo lilikuwa na chakula kingi cha mimea. Lakini maji ya viwandani nayo yalipita katika mifereji ile ile, yakichukua zinki, shaba, nikeli na kadimi.

Mwaka 1961 tope likaachwa. Ikapita miaka zaidi ya 20. Wataalamu wa kituo cha Rothamsted walipoupima udongo ule katika miaka ya 1980, waliona ya kuwa wingi wa vijidudu katika vipande vya tope ulikuwa kama nusu tu ya ule wa vipande vya samadi. Wakapanda klova, mmea wa jamii ya kunde, nayo ikadhoofu. Vinundu vilikuwapo, ila vidogo na vyeupe. Bakteria wema walikuwa wamekufa, wakabaki wale wasioweza kuikamata naitrojeni.

Waweza kuuliza: mbona sumu haikuondoka? Majani huoza, lakini metali haiozi. Hushikamana na udongo, mvua huichukua kidogo sana, na kila mbolea yenye metali huongeza juu ya ile ya zamani.

Wala usidhani jambo hili ni la tope peke yake. Mbolea ya fosfati hutengenezwa kwa mawe yachimbwayo ardhini, na mawe mengine yana kadimi. Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2022, umeweka mpaka wa miligramu 60 za kadimi kwa kila kilo ya fosfati katika mbolea hizo zenye alama yake.

Sisemi tuache mbolea, maana shamba lisilolishwa halilishi. Nasema tuulize imetoka wapi na ina nini ndani yake, kabla hatujaimwaga. Wahenga walisema: kikulacho ki nguoni mwako. Mkulima aliyeua viumbe wa udongo wake huenda asijue, mpaka siku atakapopasua kinundu cha kunde akakikuta cheupe.