Ushiriki wa kijamii wa watoto waliochelewa hatua za makuzi

Ushiriki wa kijamii ni namna mtoto anavyojihusisha na wenzake na watu wazima katika mambo ya kila siku: kucheza, kula pamoja, kuamkia, kutumwa chumvi kwa jirani. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika mfumo wake wa kuainisha ulemavu, na toleo la watoto likafuata mwaka 2007. Tangu hapo haitoshi kuuliza miguu ya mtoto ina nini. Huulizwa pia nani anamtoa nje.

Katika mji kama Mbalizi, kwenye barabara kuu ya kutoka Mbeya kwenda Tunduma, swali hilo lina uzito. Mtoto huweza kuchelewa kukaza shingo, kusimama dede au kutamka maneno kwa sababu ya kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali, homa ya uti wa mgongo au hali aliyozaliwa nayo. Wenzake wakitoka kucheza, yeye hubaki mgongoni au mkekani.

Michezo ya mtaani ina nafasi zaidi ya inavyodhaniwa. Katika rede, asiyeweza kukwepa mpira anaweza kuurusha. Mchezo wa baba na mama ndio wenye mtego: aliyechelewa huweza kupewa kila siku nafasi ya mtoto mchanga, alishwe na kubembelezwa tu. Yumo mchezoni, lakini haamui lolote. Mkubwa aliye karibu akimkabidhi sufuria apike yeye, mambo hubadilika.

Mahusiano ya mtoto na wenzake huweza pia kupimwa pamoja na mwili wake: nchi jirani ya Malawi ilipata kipimo chake cha makuzi mwaka 2010, kilichojaribiwa kwa watoto zaidi ya 1,400 na kupima mwili, mikono, lugha na mahusiano.

Iringa kuna Neema Crafts, mradi wa Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ulioanza mwaka 2003. Watu wazima wenye ulemavu hufanya kazi za mikono hapo, na watoto hupatiwa mazoezi ya viungo. Mzazi humwona fundi mwenye ulemavu kabla hajamkatia tamaa mwanawe.

Tanzania iliridhia mkataba wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, ikatunga sheria yake mwaka 2010. Mwaka 2021 ilizindua programu ya malezi ya watoto hadi miaka 8.

Mzazi mwenye shaka aanzie kliniki ya mtoto, na asisubiri mwanawe atembee ndipo amtoe uani.