Vitu vya nyumba zetu katika Makumbusho ya Lubumbashi

Watu wengi wa Lubumbashi wanaijua nyumba ya makumbusho, hata wale wasioingia mule hata siku moja. Iko pembeni ya jengo la teatri ya zamani, lile tunaloliita leo Jengo la 30 Juni. Tukiongea tunasema tu « musée », kwa Kifaransa. Neno makumbusho linatumiwa na ndugu zetu wa Tanzania, na kwa maoni yetu ni zuri zaidi, kwani mna « kukumbuka » ndani yake. Francis Cabu ndiye aliyeanzisha nyumba hiyo mwaka 1946, muji ukiitwa bado Elisabethville, ikapewa jina la mufalme Léopold II. Mwaka 1970, wakati serikali ilipounda taasisi ya makumbusho ya taifa, ikawekwa chini yake.

Mule ndani kuna vitu vinavyokaa na vitu vinavyopita. Watu wanasifu vile vinavyokaa. Sisi tunataka kusema zaidi juu ya vile vinavyopita.

Lakini tuanze na misalaba ya shaba, maana kila mutoto wa Katanga ameiona, hata kwenye bendera ile ya wakati wa kujitenga, 1960 mpaka 1963. Wachimbuzi walipofungua makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, mwaka 1957 na 1958, na tena mwaka 1974, waliikuta pamoja na wafu. Katika makaburi ya zamani zaidi ni michache na ni mikubwa. Katika yale yaliyofuata inakuwa mingi, midogo, na inafanana. Kitu kinachofanana hivi, kinachoweza kuhesabiwa, wataalamu wanasema kilikuwa kimekuwa pesa. Tunapenda somo hili kwa sababu mwanafunzi analishika bila kitabu: anaangalia tu ukubwa. Na tuseme ukweli, misalaba hii ilibaki mpaka leo kwa sababu ilizikwa. Kama ingebaki mikononi mwa watu, ingeyeyushwa.

Sasa vile vinavyopita. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu na Profesa Bogumil Jewsiewicki, walianza kazi waliyoiita « Mémoires de Lubumbashi ». Maonyesho yao katika makumbusho yaliitwa Ukumbusho. Hawakwenda kutafuta vinyago mu vijiji. Walipita mu nyumba za watu wa muji, wakaomba vitu, picha na maneno ya wenyewe. Baadaye yakafuata mengine, juu ya wanawake, mavazi na muziki.

Siye tulikuwa bado wanafunzi mu ISP. Tulienda kwa kikundi, kidogo kwa kucheka, kwa sababu tulikuwa tumesikia kwamba wameweka pasi ya makaa mu musée. Kweli ilikuwapo. Kulikuwa na mashini ya kushona pia, na gramofoni. Mwenzetu mumoja akasema kwa sauti: « Ile nayo ni historia? Kwetu iko chini ya kitanda! » Mama mumoja muzee aliyesimama karibu akamujibu: « Basi kwenu muko na historia chini ya kitanda, mwanangu. »

Tulicheka, lakini jibu lile lilitufundisha kuliko masomo mengi. Tuchukue ile mashini. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière iliacha desturi ya kuleta wanaume peke yao kwa mikataba mifupi. Ilitaka mufanyakazi akae na bibi na watoto mu kambi, apate nyumba na posho. Mu foyer, mabibi walifundishwa kushona, kupika na kulea watoto kwa namna ya Wabeleji. Kwa hiyo mashini ya kushona inasema mambo mawili pamoja: kwamba kampuni iliingia mpaka ndani ya nyumba, na kwamba mama zetu walichukua kile walichofundishwa wakakifanya kuwa chao. Wangapi walisomeshwa kwa mishono ya usiku, wakati mushahara wa baba ulikuwa hautoshi?

Kinyago cha Waluba kinaandikwa « Luba » na basi. Aliyekichonga hajulikani, aliyekivaa hajulikani. Mashini ile ilikuja na maneno ya mwenyewe. Kwetu hii ndiyo tofauti kubwa.

Shida ni kwamba maonyesho yanayopita yanapita kweli. Siku ya kufunga, kila kitu kinarudi kwa mwenyewe, na ni haki yake. Lakini angalieni miaka ile. Gécamines ilikuwa imeanguka tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10.000 walitolewa kwa mupango ulioitwa « départs volontaires », kuondoka kwa hiari, jina ambalo wengi wao hawalikubali mpaka leo. Mu nyumba hizo watu waliuza: friji, baiskeli, viti, mabati. Jirani yetu mumoja, mujane wa mufanyakazi wa fonderi, alikuwa na mashini kama ile tuliyoiona. Mwaka 2005 tulimuuliza iko wapi. « Niliuzisha, mwalimu. Watoto walifukuzwa masomo. » Hakulia. Alituonyesha tu pahali ilipokuwa, karibu na dirisha, simenti ilikuwa bado na alama za miguu yake.

Hatuwezi kulaumu makumbusho kwa jambo hilo. Maonyesho si duka la kuweka mali ya watu. Lakini picha zinabaki, na maneno yaliyoandikwa yanabaki, kama mutu ameyaandika kabla ya siku ya kufunga. Tangu 2008 wasanii wa Picha wanafanya biennale mu muji wetu. Sammy Baloji, mutoto wa hapa, aliweka mwaka 2006 watu wa picha za kikoloni mbele ya magofu ya Gécamines, na wageni wa mbali wakaelewa. Ni vizuri. Hata hivyo, picha moja haiwezi kuuliza mama yako alinunua mashini kwa pesa gani.

Kwa hiyo mu darasa la tano tunafanya hivi: kila mutoto analeta kitu kimoja cha nkambo yake, kwa siku moja tu, na karatasi yenye jina la mwenyewe, mwaka na pahali alipokipata. Karatasi tunabaki nazo. Mwaka uliopita kijana mumoja alikuja mikono mitupu. Alileta karatasi tu: « Gramofoni. Ya tata wa baba yangu. Iliuzwa 2004. » Tukaiweka juu ya meza, pamoja na vitu vingine.