Mathenge, gugu linalosafiri tumboni mwa mifugo

Mathenge, ambao wataalamu huuita Prosopis juliflora, ni mti wa miiba wenye asili ya Amerika ya Kati na Kusini. Nchini Kenya, ulitangazwa rasmi kuwa gugu hatari mwaka 2008. Kwa wafugaji wa Ganze, kaunti ya Kilifi, na hasa wa upande wa Bamba ambako mvua ni haba na mbuzi ndiye akiba ya karo na ya matibabu, mti huu unatisha zaidi kuliko magugu mengine kwa sababu mbebaji wake mkuu ni mifugo yenyewe.

Ajabu ni kwamba safari ya mathenge humu nchini ilianzia papa hapa Pwani. Mwaka 1973, mbegu kutoka Brazil na Hawaii zilipandwa Bamburi, Mombasa, ili kurejesha uhai katika machimbo ya mawe ya kutengenezea saruji. Mti ulistawi mahali ambapo mimea mingi ilishindwa, ukasifiwa. Mapema miaka ya 1980 ulipelekwa Baringo, na pia sehemu za Tana River, ili kuwapa wakazi kuni na kuzuia jangwa. Kufikia mwaka 2006, wakazi wa Baringo walikuwa wameishtaki serikali, na mbuzi asiye na meno akafikishwa mahakamani kama ushahidi. Maganda ya mathenge yana sukari nyingi, na mnyama anayeyategemea kwa muda mrefu huoza meno, hatimaye akashindwa kula.

Utamu huo huo ndio unaoueneza mti. Ng'ombe au mbuzi hula ganda, lakini mbegu yenye gome gumu hupita tumboni bila kudhurika na kuangukia ndani ya kinyesi, ambacho ni mbolea tayari. Wakati wa ukiame, mifugo kutoka Tana River huswagwa kuja kutafuta malisho na maji Kilifi, na ile ya Ganze nayo huhamishwa mbali. Kila kundi lililopita kwenye vichaka vya mathenge linaweza kudondosha mbegu njiani, kwenye mabwawa na zizini. Mvua ikinyesha, miche huchipua, na kadiri inavyokua huifunika nyasi na kuziba njia za kuendea maji. Mizizi yake huzama mno; katika mgodi mmoja huko Arizona, Marekani, mizizi ya mti wa jamii hii ilikutwa kina cha zaidi ya mita 50.

Kuudhibiti ni rahisi ukiwa mchanga. Mche hung'olewa kwa mkono au jembe ardhi ikiwa na unyevu. Mti mkubwa ukikatwa juu ya ardhi hauathiriki kitu. Huchipua matawi mengi zaidi na kugeuka kichaka kisichopitika. Sharti shina lichimbuliwe sentimita 20 hadi 30 chini ya udongo, mahali palipo na macho ya kuchipukia, kisha eneo lipandwe nyasi. Hiyo ni kazi ya suluba, na miiba yake huchoma hata kiatu.

Mifugo inayotoka maeneo yenye mathenge yafaa ifungiwe mahali pamoja kwa takriban wiki moja kabla ya kuachiwa malishoni, ili mbegu ziangukie mahali zinapoweza kuonekana. Si ushauri mwepesi kwa mtu ambaye ng'ombe wake wamekonda, lakini ni nafuu kuliko kuchimbua mashina. Maganda nayo yakisagwa hadi mbegu zipondeke, huwa chakula kizuri kikichanganywa na malisho mengine. Makaa na nguzo za mathenge pia zina soko, ingawa biashara hiyo peke yake haijaumaliza mti popote. Mchomaji makaa hana sababu ya kung'oa kisiki kitakachompa kuni mwakani. Afrika Kusini ilianza kuleta wadudu walao mbegu mwaka 1987, lakini mara nyingi mifugo iliyafikia maganda kabla ya wadudu.

Mkulima pia hajasalimika, kwani samadi ya zizini ndiyo inayopelekwa shambani. Huko kuna adui mwingine wa zamani, kiduha au striga, ambaye katika ukanda wa Pwani huonekana kwa maua mekundu. Hunyonya mizizi ya mahindi chini ya ardhi, na mkulima anapouona mmea wake juu, hasara imekwisha kuanza. Mbegu zake ni laini kama vumbi na hudumu udongoni miaka mingi. Kinachofaa ni kuung'oa kabla haujatoa mbegu, kubadilisha mahindi na kunde, na kurutubisha udongo kwa samadi iliyoozeshwa vizuri.

Sheria ya Kuzuia Magugu Hatari, Sura ya 325, inampa mwenye ardhi au anayeitumia jukumu la kuyaondoa magugu yaliyotangazwa. Kwenye shamba la mtu mmoja, jambo hilo linaeleweka. Lakini kwenye malisho ya pamoja, kila mfugaji hupitisha mifugo yake na hakuna anayehesabiwa kuwa mwenye mche ulioota kando ya bwawa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inazitaka jamii zilizosajiliwa kuwa na kamati za kusimamia ardhi yao. Zamu za kukagua mabwawa na njia za mifugo baada ya kila mvua zinaweza kupangwa na kamati hizo, miche ikiwa bado inafika magotini.