Tao la sebuleni

Mafundi wengi wa Babati huuita "achi" ule uwazi wa nusu duara kati ya sebule na chumba cha kulia. Kiswahili kina tao, wingi matao.

Matao ya kweli utayaona Minara Miwili, kanisa kuu la Wakatoliki Mji Mkongwe, Zanzibar, lililojengwa miaka ya 1890 kwa mtindo wa Kiromaneski: ule wa Ulaya ya karne ya 11 na 12, wenye matao ya mviringo, kuta nene na madirisha madogo. Unene ule si fahari. Tao husukuma uzito chini na pembeni pia. Ukuta mwembamba ungepasuka.

La sebuleni siku hizi hukatwa kwenye jipsamu, likapakwa rangi, wala halibebi kitu. Anayetembea kwa maringo tunasema anakwenda kwa matao. Hili la jipsamu nalo, naona, ni la ukoo huo.

Mwenye matofali ya kuchoma bado anaweza kupata la kweli. Fundi huyapanga juu ya umbo la mbao kutoka pande zote mbili, hufunga kwa tofali la katikati, na udongo wa kuungia ukishika, mbao hutolewa.