Ujazo wa injini ya gari

Ujazo wa injini ni jumla ya nafasi ambayo pistoni zote za injini hupitia ndani ya silinda zake, kila moja ikitoka kikomo chake cha chini hadi kikomo chake cha juu. Hupimwa kwa sentimita za ujazo (kifupi: cc) au kwa lita, lita 1 ni sawa na cc 1000. Mtu anaposema "gari la 1500" hazungumzii uzito wala nguvu zake, bali ujazo huo. Wala si kiasi cha oili kinachoingia kwenye injini, ingawa wengine huvichanganya.

Jinsi unavyokokotolewa

Ujazo hutegemea mambo matatu: kipenyo cha silinda, urefu wa mwendo wa pistoni, na idadi ya silinda. Kanuni ni ile ile ya kutafuta mjao wa mcheduara inayofundishwa shuleni: eneo la duara mara kimo.

Kwa mfano, injini ya Toyota iitwayo 1NZ-FE ina silinda 4 zenye kipenyo cha milimita 75, na pistoni husafiri milimita 84.7. Nusukipenyo ni sentimita 3.75, hivyo eneo la duara ni sentimita za mraba 44.18. Zikizidishwa kwa 8.47 hupatikana cc 374.2 kwa kila silinda, na kwa silinda zote 4 karibu cc 1497. Wajapani huacha sehemu ya desimali wakaandika 1496, na katika baadhi ya hati zao huandika lita 1.49. Ndiyo maana kadi za magari ya aina moja huweza kusoma 1490, 1496, 1497 au 1500. Mnunuzi asitishwe na tofauti hiyo: injini ni ile ile.

Ndugu yake, 2NZ-FE, ana kipenyo hicho hicho cha milimita 75, lakini mwendo wa pistoni ni milimita 73.5 tu. Ujazo wake ni cc 1298. Kwa nje injini hizo mbili hufanana sana.

Turbo haibadilishi ujazo. Huongeza hewa inayosukumwa ndani ya silinda, hivyo nguvu hupanda wakati cc zimebaki zile zile. Fundi akipanua silinda kwa mashine ili kuweka pistoni kubwa zaidi, ujazo hubadilika kidogo: kwa 1NZ-FE, nyongeza ya nusu milimita kwenye kipenyo huleta takriban cc 20.

Jinsi ya kuutambua

Alama iliyobandikwa nyuma ya gari ndiyo shahidi dhaifu kuliko wote. Hubanduliwa na kubandikwa nyingine kwa dakika chache, na hata ile ya kiwandani huweza kupotosha. BMW 318i za kuanzia mwaka 2001 zilikuwa na injini ya cc 1995, si 1800. Mercedes-Benz C 200 Kompressor ya miaka hiyo ilikuwa na cc 1796.

Bamba la chuma lililo chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango linaaminika zaidi. Kwenye magari ya Toyota yaliyotoka Japani huonyesha msimbo wa modeli na wa injini. Toyota Probox ya kwanza, iliyotoka mwaka 2002, ni mfano mzuri: NCP50 ina injini ya 2NZ-FE, na NCP51 ina 1NZ-FE. Kwa macho huwezi kuzitofautisha barabarani. Tarakimu inayotangulia kwenye misimbo ya Toyota haionyeshi ukubwa. Ni namba ya mfuatano katika familia ya injini, na hapa 2NZ ni ndogo kuliko 1NZ. Nissan hufuata utaratibu mwingine: katika QG18 au QR25 tarakimu ni ujazo wenyewe, yaani lita 1.8 na 2.5. Subaru EJ20 ni ya lita 2.0.

Hata hivyo bamba ni la bodi, na kadi ya usajili hunakili yaliyoandikwa siku gari liliposajiliwa. Injini ikibadilishwa, vyote viwili hubaki vikieleza injini iliyokwisha kuondoka. Kinachohama pamoja na injini ni msimbo na namba vilivyogongwa kwenye bloku yenyewe, mara nyingi vikiwa vimefunikwa na oili na vumbi. Tochi, burashi na kitambaa vinatosha kuvisoma, na mwenye gari asiyekubali visomwe anastahili kutiliwa shaka.

Ujazo na kodi

Majedwali ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kama yale ya Shirika la Forodha Duniani, hugawa magari ya petroli kwa mipaka ya cc 1000, 1500 na 3000, na ya dizeli kwa 1500 na 2500. Nchini Kenya mpaka wa cc 1500 umetumika pia katika ushuru wa bidhaa. Nchini Tanzania mipaka ya ushuru huo imekuwa cc 1000 na 2000. Japani nayo hutoza kodi ya mwaka inayopanda kila cc 500, na hiyo ni sababu mojawapo ya injini nyingi kuishia 1498 au 1998.

Injini iliyobadilishwa hupaswa kuandikishwa upya kwa mamlaka inayosajili magari. Aliyenunua gari ambalo kadi yake inasema 1298 huku bloku ikiwa ya 1NZ hugundua jambo hilo kwa njia mbaya: dukani pale krenkishafti aliyouziwa inapokataa kuingia, au kwenye ukaguzi pale namba ya injini isipolingana na ya kadi. Hapo ni yeye anayetakiwa kueleza, kwa kuwa muuzaji ameshaondoka.