Neno la Milele au Neno Lililoumbwa: Mzozo wa Qurani kutoka Baghdad hadi Unguja

Mwaka 833 Khalifa al-Ma'mun, akiwa katika vita dhidi ya Warumi wa Mashariki, alimwandikia liwali wake wa Baghdad, Ishaq bin Ibrahim, akimwamuru awahoji makadhi na wapokezi wa hadithi kama Qurani imeumbwa au ni kadimu, yaani haina mwanzo. Swali hilo liligusa kiini cha tauhidi. Muutazila, wanazuoni waliotetea itikadi kwa hoja za akili, walishikilia kwamba hakuna cha milele ila Mwenyezi Mungu, na kwamba anayedai maneno yake nayo hayakuumbwa amemwekea mwenzi katika umilele. Wapinzani wao walijibu kwamba maneno ni sifa ya Mungu, na haiwezekani kuwa aliwahi kukosa sifa yake.

Mateso yaliyofuata dhidi ya waliokataa kusema Qurani imeumbwa, yaliyoitwa mihna, hayakuisha kwa kifo cha al-Ma'mun mwaka huohuo. Chini ya khalifa aliyemfuata, al-Mu'tasim, mwanazuoni wa hadithi Ahmad bin Hanbal alipigwa mijeledi lakini hakukana itikadi yake, na ni Khalifa al-Mutawakkil aliyekomesha mahojiano hayo. Ajabu ni kwamba waliotukuza akili ndio walioegemea mjeledi, nao ukawaponza, kwa kuwa tangu hapo mamlaka ya kuamua itikadi yalizidi kuwaelemea wanazuoni badala ya makhalifa. Wafuasi wa mwanazuoni al-Ash'ari baadaye walitafuta njia ya kati: maana iliyomo katika dhati ya Mungu ni kadimu, ilhali herufi, wino na sauti ya msomaji vimeumbwa.

Msimamo huo wa Ash'ari ndio uliozoeleka miongoni mwa Mashafii wa pwani ya Afrika Mashariki. Waibadhi wa Oman, ambao wanazuoni wao waligawanyika juu ya suala hili katika karne ya 9, hatimaye walielemea kauli ya kuumbwa, na walipotawala Unguja kauli zote mbili zikakaa katika mji mmoja, wenye makadhi wa Kiibadhi na wa Kishafii. Ujirani huo usipambwe kupita kiasi: Sultan Barghash alimfunga Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, mwanazuoni wa Kishafii aliyejadiliana na Waibadhi, naye akafunguliwa baada tu ya Barghash kufa mwaka 1888.

Mjadala wenyewe haukufungwa. Sheikh Ahmed bin Hamad al-Khalili, aliyezaliwa Unguja mwaka 1942, akahamia Oman baada ya Mapinduzi ya 1964 na kuwa mufti wa nchi hiyo tangu 1975, aliandika Al-Haqq al-Damigh kuwatetea Waibadhi katika masuala matatu: kutoonekana kwa Mungu akhera, kuumbwa kwa Qurani, na umilele wa adhabu ya wenye madhambi makubwa wanaokufa bila ya kutubu.